Saini Inayojibadilisha

Sukari aliingia kwenye ofisi ya wauza matangi ya maji kuomba kuchaji simu tu, lakini kabla hata simu haijawaka alishaona riziki. Bosi alikuwa anamfokea binti wa mapokezi: barua pepe zinawafikia wateja zikiwa na namba ya simu ya zamani, na kila mfanyakazi ana saini yake ya chini, mmoja hata ameweka maua.

"Shikamoo, mzee," Sukari akadakia. "Hilo ni dogo mno."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Fundi wa barua pepe. Mjini wananiita Sukari. Nina kijiprogramu, nakichomeka humo humo kwenye barua pepe zenu. Ukibadilisha saini mahali pamoja, inabadilika kwa wote, wala hawagusi kitu."

Tumtendee haki: kijiprogramu kilikuwepo kweli, na kilifanya kazi. Sukari hakuwa mwizi wa kuruka madirisha. Miaka yote ya kuwaliza watu hajawahi kulala selo hata mara moja, na rekodi hiyo aliitunza kuliko wengine wanavyotunza vyeti vya ndoa.

Alijua pia tabia ya watu wa mjini. Barua pepe hawaisomi. Wanaifungua, wanateremka mpaka chini kabisa, wanachukua namba na kupiga. Kwa hiyo alikiagiza kijiprogramu chake kwamba barua ikishatoka tu nje ya ofisi, namba ya kampuni igeuke kuwa yake. Anayetaka tangi atampigia Sukari, atatuma malipo ya awali kwa Sukari, kisha laini itatupwa chooni.

Bosi alivuta kiti karibu. "Na cheo nacho kinabadilika?"

"Kila kitu, mzee. Jina, cheo, namba. Unaandika hapa, unabonyeza pale."

"Hebu nifundishe, mwanangu."

Sukari akamfundisha kwa roho safi kabisa, jambo ambalo si kawaida yake.

Kesho yake simu ikaanza kuita.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?" Sukari aliitika kwa sauti ya asali.

"Tangi langu liko wapi?"

"Tangi lipi hilo, mama?"

"Nililolipia!"

Aliyefuata naye alikuwa ameshalipia. Na mwingine, na mwingine, wiki nzima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Sukari aliona ameonewa vibaya sana: alidhani ameiba wateja, kumbe ameiba kesi! Akaamua aende haraka akaiondoe namba yake kabla mambo hayajaharibika.

Alikuta ofisi nyeupe. Meza hakuna, viti hakuna, hata balbu zimefunguliwa. Waliokuwemo ni wateja waliofura kwa hasira, mbele yao mama mmoja mwenye saluni, na mlangoni askari waliyemleta wenyewe.

"Na wewe nani?" mama akamuuliza.

"Mteja mwenzenu," Sukari akajibu bila kupepesa. "Mimi nimelizwa matangi mawili! Bosi yuko wapi?"

Wakampa pole. Akalaani kwa sauti kuliko wote, mpaka askari akamwomba apunguze.

"Mkurugenzi katuandikia leo asubuhi," mama alisema, akifungua simu yake. "Anasema mwenye shida ampigie yeye mwenyewe. Hii hapa chini: Sukari, Mkurugenzi Mkuu, na namba yake."

Sukari akalisoma jina lake mara mbili. Lakini sura yake hapo haijulikani, akajikaza. "Huyo Sukari nikimtia mikononi!"

"Ngoja nimpigie."

Mfuko wa suruali ya Sukari ukaanza kuimba. Kwa wiki nzima mkono wake ulikuwa umezoea kazi moja tu, na sasa uliifanya kabla kichwa hakijauzuia.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Nisaidie tangi langu," alisema mama wa saluni, simu sikioni, wakitazamana ana kwa ana. Askari akafunga mlango.