Supu Si Chakula

Majirani zangu, leo nimejiaibisha, na Kiritiri nzima ilikuwepo.

Mnajua hospitali yetu imeanza kuwapima watu mafuta ya damu sokoni, ili mtu asingoje moyo umlemee ndipo aletwe kwetu. Wakubwa walituonya: watu wasipojitokeza, mashine ya kupimia inarudi Embu mjini. Kwa hivyo nimepita kila kanisa na kila duka nikihubiri: njooni asubuhi bila kula chochote.

Wamekuja wengi, lakini hakuna aliyetaka kutoa mkono. Nikaona nianze mimi, daktari wao, waige ushujaa. (Mdomo wangu utaniponza siku moja. Siku yenyewe ni leo.)

Kanana wa maabara akanitoa damu, akaizungusha kwenye mashine, akainua kichupa watu waone. Kwa kawaida maji yanayobaki juu ya damu huwa ya manjano, tena maangavu. Yangu yalikuwa meupe pe.

"Daktari, hii ni damu ama ni maziwa?" akauliza cucu mmoja, bibi mzee aliyeketi mbele.

"Ni mafuta," Kanana akamjibu. Kisha akanigeukia. "Daktari, umekula?"

"Mimi? Sijaonja hata mkate."

Hapo mwenye bucha ya pale sokoni akasimama. "Lakini daktari, si umekunywa supu ya kichwa kwangu leo asubuhi? Bakuli mbili. Ukaniambia nisitoe mafuta, ati ndiyo matamu."

Nikajitetea kwamba nilikataza kula, na supu hunywewa. (Naapa nilikuwa naamini.) Watu wakacheka hadi wengine wakashikilia mbavu. Cucu naye alicheka, kisha akamgeukia Kanana.

"Kumbe uji pia ni chakula? Mimi nimekunywa."

Kanana akauliza nani mwingine amekunywa kitu. Mikono ikapanda karibu yote. Tungewapima hivyo, tungeandika majibu ya uji na chai ya maziwa.

Wameahidi kurudi kesho na tumbo tupu, tena na majirani, maana kila mtu anataka kuona kama damu yake pia inatoa maziwa. Mashine haiendi popote. Nilifurahi mpaka nikaisahau aibu, nikapitia kwa bucha kujipongeza.

"Pole, daktari," mwenye bucha akasema, akifunika sufuria. "Cucu amepita hapa. Amesema nikupe maji tu."

Msicheke. Kama kuna aliyepika, aniletee sahani. Sahani, si bakuli.