Uzinduzi wa Mtambo wa Mwanga Kando ya Bwawa la Kiwanda cha Nguo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu wake, Makamu wa Makamu aliyetuma udhuru, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo vilivyo chini ya idara, wadau wa maendeleo, fundi mitambo, mama mkunga wa zahanati uliyekaa mbele na ndoo yako, na wananchi wa mtaa huu mliokosa nafasi hemani: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Mkurugenzi wa Maji Taka, nasimama kando ya bwawa hili, ambalo wasioelewa mchakato wanasema limegeuka zambarau kwa rangi za kiwanda cha nguo, kuwatangazia kwamba ofisi yangu, chini ya uongozi wangu, na kwa ubunifu ambao siwezi kuusifu mwenyewe ingawa nitausifu, imeingia katika zama za kichocheo cha mwanga, yaani unga mweupe unaopakwa ndani ya mirija ya kioo, ambao jua likiupiga unaamka, unazivunjavunja rangi na uchafu wake mpaka yanabaki maji matupu, bila moto, bila kelele na, niseme ukweli, bila mtu wa ofisini kwangu kunyanyuka kitini. (Vicheko hemani.)

Kwa mujibu wa fremuweki ya tathmini, ufanisi umefikia asilimia tisini na saba nukta nne, kiwango tulichokipitisha mwaka juzi kabla hata ya kupima, na wadau tisini wamejengewa uwezo wa kuelewa mwanga katika semina tano, zote mapazia yakiwa yamefungwa ili projekta ionekane vizuri.

(Mkunga amesimama: "Samahani, mheshimiwa, huo mtambo wenyewe uko wapi? Vichanga tunawaogesha maji haya haya, wanatokwa na vipele mwili mzima! Mimi nimechoka kuwadanganya mama zao." Minong'ono.)

Mama, swali lako ni zuri, ila umeliuliza mapema. Hao vichanga wamo kwenye mpango kazi, ukurasa wa arobaini, kama wanufaika wa moja kwa moja. Na mtambo ni huo nyuma yangu, unang'aa, isipokuwa kwa sababu za kiusalama mtautazama kwa mbele tu, na tafadhali asiuegemee mtu. (Fundi mitambo amezunguka nyuma, amerudi, amekaa, ameshika kichwa.)

Mwanga oyee! (Oyee, ya hemani.) Maji safi oyee! (Kikohozi.) Mkurugenzi oyee! (Oyee, ya dereva wake.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wakaguzi walioukagua mtambo huu wakiwa ndani ya gari, vioo vikiwa juu. Na kwa namna ya pekee namshukuru mchoraji wa mabango, ambaye kwa siku tatu, ubao mmoja na makopo manne ya rangi, ameutekeleza mradi wote peke yake, na rangi iliyobaki, kwa kuwa hatupendi kuacha taka ovyo, akaimwaga humo humo bwawani. Asanteni sana.

(Makofi hemani. Mkunga anachungulia ndoo yake.)