Nilivyoisimamisha Landrova Kilimani

Leo nimepatikana, jamani. Nawaandikia ninyi wenzangu tuliokaa chumba kimoja Kibaha, kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine ikiwa imeongezwa chumvi. (Na chumvi haihitaji. Imekolea yenyewe.)

Mnajua kazi yangu hapa Kisarawe ni utarishi. Mtu wa baiskeli. Barua zote za vijiji vya ujamaa, kutoka Pugu mpaka Maneromango, zinapita mgongoni kwangu. Sasa Mzee Kondo, dereva wetu wa Landrova, anastaafu. Mkuu wa ofisi akaniambia nikipata leseni, kiti chake ni changu. Nikikosa, ataletwa dereva kutoka Dar. Mtihani ulikuwa leo asubuhi, na mama yangu kule Maneromango alishatangaza kanisani kwamba mwanawe ni dereva wa serikali. Hakusema anajifunza. Alisema ni dereva.

Mzee Kondo amekuwa akinifundisha jioni, baada ya kazi. Klachi, gia, breki, vyote nilivishika. Hata ungeniamsha usingizini ningekutajia. Yeye lakini hakuridhika. Alisema kosa langu ni kulifikiria gari.

"Baiskeli unaifikiria?" aliniuliza.

Nikasema hapana, na ni kweli. Tairi likikanyaga kokoto nalisikia mimi, kwenye meno. Kwenye uchochoro najua kama usukani utapita au hautapita, bila kupima. Basi akaniambia gari nalo liniingie mwilini namna hiyohiyo. Nikamwitikia ndiyo mzee. Sikujua kwamba mwilini nafasi ilikuwa imeshajaa.

Mkaguzi alikuwa mtu wa bara, mnene kidogo, shati limepigwa pasi mpaka linaogopesha. Akakaa kushoto kwangu, akasema, "Twende, ndugu." Landrova yetu haina mlango upande wa dereva. Uling'oka zamani na tumeshazoea. Upepo ulikuwa unaingia wote, na bado jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye soksi.

Tuliondoka vizuri. Karibu na soko mbuzi wakakatiza barabara. Dole gumba langu likaanza kutafuta kengele. Linasugua usukani, linasugua, na honi naiona kwa macho yangu pale katikati. Mbuzi walipita kwa hiari yao. Mkaguzi akalitazama lile dole, akakohoa.

Kwenye kona ya kwanza nikajilaza upande, kama nilivyozoea, mpaka bega likatokeza nje. (Landrova haikulala. Nililala peke yangu.) Mkaguzi akakohoa tena. Nikajiambia, ewe mtu, hili ni gari, lina magurudumu manne, halianguki.

Tukateremka mpaka Pugu. Akaniamuru nigeuze turudi juu.

Kile kilima mnakijua. Hakuna mtu anayekipanda akiwa amekaa kwenye baiskeli, labda awe na wazimu. Ukifika kwenye kile kidaraja unashuka, unasukuma. Tangu nianze kazi nimekuwa nikishuka palepale. Tulipofika kidarajani injini ikaanza kukoroma, na mimi nikaanza kuionea huruma. Nikaingiza gia ndogo. Ikakubali. Tukapanda kidogo, mkaguzi hakukohoa, nikaanza kupumua na kuiona leseni.

Hapo ndipo nikamwona Mama Eliza.

Mama Eliza anakaa benchi moja na mama yangu kanisani. Alikuwa amekuja Pugu kumwona binti yake. Alisimama pembeni na kikapu, anataka kuvuka, na alikuwa ameshanitambua. Uso wote ulimchanua. Sasa ninyi mnajua tulivyolelewa. Mtu mzima humwamkii ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaishika baiskeli yako, ndipo unaamkia. Mimi kwa kosa hilo nimeshachapwa.

Nikasimamisha gari vizuri kabisa. Nikatoa gia, kama nilivyofundishwa. Halafu nikashuka.

Ndiyo, nilishuka. Mguu mmoja, na wa pili, chini. Mkono wa kushoto nikauacha kwenye usukani, gari lisianguke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, lakini macho yake hayakuwa kwangu. "Na huyo baba anakwenda wapi?"

Huyo baba alikuwa anarudi Pugu. Breki ya mkono sikuivuta. (Baiskeli haina breki ya kuegeshea, wala sijawahi kuihitaji.) Landrova ilianza polepole, kinyumenyume, na mimi nimeushikilia usukani navutwa. Mtu mwenye akili timamu angerukia ndani akanyage breki. Mimi nilikaza visigino kwenye mchanga, nikaubana usukani kwa vidole vyote. Nilikuwa nashika breki, jamani. Breki gani? Gari likizidi mbio, nami nazidi kubana. Nyuma kulikuwa na kidaraja, na chini ya kidaraja korongo. Nilimwona yule baba amekufa na watoto wake wananitazama. Sijawahi kuogopa namna ile.

Mkaguzi ndiye aliyejiokoa. Aliivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, gari likatikisika, likasimama gurudumu la nyuma likigusa ukingo wa kidaraja. Wauza mihogo wa pale kidarajani walikuwa wamesimama wote wanatutazama. Kisha mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, mpaka Mama Eliza akalazimika kuweka kikapu chini.

Mkaguzi akashuka, akazunguka, akavitazama vidole vyangu. Nilikuwa bado nabana.

"Ndugu," akasema, "achia."

Aliendesha mwenyewe kurudi. Mimi nilikaa nyuma, pamoja na tairi la akiba. Ofisini akawaambia mkuu na Mzee Kondo kwamba kichwa changu kinalijua gari, ila mwili umeshaoa baiskeli. Nirudi mwezi ujao, na mpaka siku hiyo nisiiguse baiskeli hata kidogo. Mkuu akakubali kunishikia kiti. Nusura nilie kwa furaha. Halafu nikakumbuka.

"Na barua, mkuu?"

Akaitazama miguu yangu.

Kwa hiyo kesho naanza safari ya Maneromango kwa miguu, mfuko mgongoni. Mama Eliza ameondoka na basi la mchana, kwa hiyo nitakuta mama ameshaambiwa yote. Mkinikuta njiani msinicheke, nipeni lifti. Nitakaa nyuma, sitagusa kitu. Ila tukimpita mtu mzima, tafadhali nishikeni.