Rangi Nyekundu na Mkono wa Shemeji

Jumatatu, 4 Mei

Nimeduwaa! Miaka sita napaka vanishi makabati katika karakana hii. Leo bosi amesimama mbele ya mafundi wote, akasema anatafuta msimamizi wa huduma ya kwanza, kisha macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Sindano. Sindano! Mama mshona makochi! Na mimi nipo hapo hapo, nimenyoosha mkono mpaka kwapa linauma.

Msimamizi atapewa ufunguo wa sanduku la dawa, kizibao chekundu na kiti chenye mgongo. Bosi ataamua mwisho wa wiki. Anayetaka asome kijitabu kinachoning'inia ukutani.

Kijitabu ni kimoja. Nimekitia ndani ya shati. Sindano akasome mawingu.

Jumanne, 5 Mei

Nimesoma. Ukurasa wa kwanza wote. Nawa mikono, vaa glavu. Mtu anavuja damu, wewe unatafuta sabuni! Ukurasa wa pili una picha ya jeraha. Nikafunga. Si kwamba naogopa damu. Nilikuwa sijala.

Mke wangu akaniuliza nasoma nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Akanikumbusha siku aliyojikata kidole akimenya viazi: aliyepepewa ni mimi. Mambo ya nyumbani hayo. Hayahusiani na kazi.

Nina mpango. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ndiye mkata vioo vya makabati pale pale karakanani. Kesho saa nne bosi akipita kukagua, shemeji ataanguka na kupiga yowe, mkono umelowa rangi nyekundu ya mbao. Mimi nitaruka, nitamfunga, nitamwokoa. Shemeji hakutaka. Nikamwambia undugu ni kufaana, si kufanana. Amekubali, shingo upande.

Jumatano, 6 Mei

Kidevu kinauma nikiandika.

Saa nne kasoro nilijibanza nyuma ya kabati, chupa ya rangi mfukoni. Tulikubaliana nikikohoa mara mbili shemeji aje, nimpake, arudi mezani pake akaanguke. Bosi akatokea mlangoni. Kabla sijakohoa nikasikia kioo kinapasuka, kisha yowe.

Nikashangaa. Ameanza bila mimi! Nikatoka mbio nikitangaza kwamba watu watulie, mtaalamu yupo. Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, ameshika kiwiko, damu inamtiririka hadi vidoleni. Nikainama, nikamnong'oneza kwamba rangi ameipatia hasa, ila yowe apunguze.

"Shemeji," akasema, meno yanagongana, "nimekatika."

Nikamkonyeza. Nikamwambia vivyo hivyo, aendelee.

Kisha nikatia mkono mfukoni nitoe kitambaa. Nikagusa chupa. Imejaa. Haijafunguliwa.

Lo! Lo! Lo!

Kipande cha kioo kilikuwa kimesimama kwenye nyama ya mkono wake, kirefu kama kidole. Sikujua la kufanya, basi nikajaribu yote. Nikachota unga wa mbao niumwagie kwenye jeraha. Nikautupa. Nikakikamata kile kioo nikichomoe. Kofi likatua kwenye mkono wangu. Sindano!

"Usikiguse! Hicho ndicho kinachozuia. Ukikichomoa, damu yote inafuata."

Glavu alivaa saa ngapi, sijui. Akamlaza shemeji chali, akamwinua mkono juu. Akabana jeraha kwa vitambaa safi, pande zote mbili za kioo, bila kukigandamiza kioo chenyewe. Damu ikapenya. Hakufungua, akaongeza kitambaa juu ya kitambaa, akaendelea kubana. Na muda wote anaongea naye taratibu, kama anayebembeleza mtoto.

"Nitazame mimi, kaka. Mkono achana nao. Watoto unao wangapi?"

Shemeji akasema watatu. Midomo ilikuwa imepauka. Bosi akakimbilia gari.

Hapo ndipo nilipoutazama ule mkono vizuri.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nilianguka kama gunia, kidevu kikapiga ukingo wa meza. Hospitali tulikwenda wawili.

Alhamisi, 7 Mei

Shemeji kashonwa nyuzi kumi na moja. Daktari kasema kioo kilikaa jirani kabisa na mshipa mkubwa. Mtu angekichomoa, leo tungekuwa tunaongea mengine. Nikatazama dari. Mimi nyuzi mbili, na sindano ya pepopunda. Muuguzi anasema nilipiga kelele kumshinda shemeji. Anatia chumvi.

Mke wangu amekuta chupa ya rangi kwenye suruali yangu. Nikasema ya kazi. Shemeji, aliyekuwa amekalia kiti changu, mkono umening'inizwa shingoni, akasema kioo kilimponyoka kwa sababu masikio yake yote yalikuwa yanangoja nikohoe. Mke wangu akaiweka chupa mezani. Akachukua sahani yangu, akampa kaka yake.

Baadaye nikamsikia mke wangu analia jikoni. Nikasimama mlangoni. Sikujua niingie au nisiingie.

Ijumaa, 8 Mei

Sindano amekabidhiwa kizibao. Kinamkaa!

Akatwambia kijitabu hakukisoma, kilipotea. Lakini zamani mumewe alikatwa na msumeno katika karakana nyingine. Mafundi kumi na wawili walisimama wakimtazama, hakuna aliyejua kwamba kazi ni kubana tu. Mumewe hakufika hospitali akiwa hai.

Nilirudisha kijitabu ukutani watu walipokuwa kwenye chai. Nikageuka, Sindano huyu hapa! Nikajua nimekwisha. Yeye akaniinua kidevu, akanibadilishia plasta, akasema kinapona vizuri. Ningependa asiwe mwema. Inachosha kumchukia.

Jumatatu, 11 Mei

Bosi kaniita. Shemeji kamweleza kila kitu. Msaliti! Nikadhani nafukuzwa. Hapana. Kuanzia leo, kila asubuhi kabla ya kazi, nikague sakafu nzima: vioo, misumari, chochote kinachoweza kumkata mtu.

Mkaguzi wa sakafu. Cheo!

Nimekagua kila kona. Sakafu safi kabisa. Mafundi wakaingia, hakuna aliyesema kitu. Bosi kapita kama sipo. Nimeudhika mno! Ndiyo tabu ya kazi hii, ukiifanya vizuri hakuna kinachoonekana.

Nimefikiri sana. Kesho nitatangulia kufika. Misumari miwili tu, midogo, pale mlangoni. Bosi akiingia, nitairukia na kuiokota mbele yake, kwa kelele kidogo.

Bosi huvaa ndala. Nitawahi.