Ndimu Juu ya Boksi la Wadha

Jumatatu, 6 Februari

Miezi mitatu, Wadha! Mjukuu niliyempokea kwa mikono hii, leo hata kivuli chako sikioni. Daftari hili naliweka ndani ya pipa la mchele, maana ni wewe tu unayechungulia humo. Basi soma, na uone haya. Shule sikwenda, herufi nimezipata uzeeni, kwenye kisomo cha wanawake. Zikipinda, shauri yako.

Leo jirani yangu Ghariba kapita na majivuno yake. Mwanawe anakuja kila Ijumaa. Kila Ijumaa! Nikamwambia wangu ana kazi ya maana, anapima maji ya wadi, bonde letu la mafuriko. Akaniuliza, na bibi je, anapimwa lini?

Nimekwenda kukaa karibu na boksi lako, hapo juu ya nguzo linapochungulia maji. Nikakumbuka ulivyonifundisha kitufe chake. Mara moja, linapima kila dakika, na betri inakufa upesi. Mara mbili, kila robo saa. Mara tatu, kila saa. Betri ikifa, lazima mtu wa ofisi aje.

Nimebonyeza mara moja.

Jumatano, 8 Februari

Betri haifi! Kale kabao kanakokunywa jua kanailisha kutwa. Dawa nimepata: nimeanika ndimu zangu juu yake. Nani hapa haaniki ndimu? Nani atanishtaki?

Jumapili, 12 Februari

Imekufa! Nimepika harisi ya ngano na nyama uipendayo, nimekaanga kahawa, nimefukiza ubani. Gari la ofisi likasimama. Kashuka mwanamume! Mrefu, miwani, jina lake Hamdun. Akasema Wadha ana shughuli Maskati. Harisi kala sahani mbili. Harisi yako!

Kaondoa ndimu, katia betri mpya. Kasema betri inachoshwa, kwa hiyo sasa boksi litaamka kila inapogonga saa. Litatazama maji dakika kumi, lichukue wastani, litume habari ofisini, lilale. Akaaga. Nyumba ikawa kubwa.

Jumanne, 14 Februari

Shauri jipya. Maji yakipanda, Wadha atashtuka. Nimeng'oa mlango wa zizi la mbuzi, nikauburuta mpaka chini ya boksi, pale wadi inapobanwa na mawe. Nikiushusha, maji yanajaa nyuma yake.

Wakati nimeupata kwa kijiti cha marehemu babu yako, kile alichogawia zamu za maji ya mfereji kwa kivuli miaka arubaini. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kivuli kikagusa jiwe la saa nne: nikashusha. Saa tano, nikashusha. Saa sita, nikashusha. Simu kimya.

Ghariba kaniona. Kacheka mpaka kashikilia mtende. Akasema, we Zayana, boksi linafuata saa ya simu na kijiti kinafuata jua, na mwezi huu jua liko nyuma ya saa kwa robo nzima! Yaani kutwa nzima nimeliinulia maji boksi lililokwisha kulala. Magoti yananiwaka.

Saa ya simu yangu sijawahi kuitazama. Simu huwa naitazama kama itaita.

Alhamisi, 16 Februari

Saa nne kamili ya simu, mlango chini. Dakika kumi nzima nimesimama majini, nimeukumbatia kama maiti. Saa tano, tena. Ikaita!

Wewe! Unapiga kelele: Bibi, maji yamepanda, toka hapo, panda kwa Ghariba juu, usingoje kitu! Nikajibu, nimesikia mama. Hapo ndipo ningesema kweli. Sikusema. Nilitaka uendelee kuzungumza.

Jumamosi, 18 Februari

Alhamisi ile ile saa tisa ulifika, na viatu vya ofisi, ukanikuta majini na mlango wangu, na wadi hailoweshi hata kifundo cha mguu. Ukakaa kwenye jiwe ukalia. Kumbe ulikwisha wapigia watu wa bonde la chini, wamehamisha mbuzi wote na wazee wao. Nimeona haya, Wadha. Jana nimewapelekea halua nyumba kwa nyumba. Wameipokea bila kunitazama.

Kisha ulicheka. Harisi ulikula mpaka ukakwangua sufuria. Siku mbili umelala ubavuni kwangu, unakoroma kama babu yako.

Leo umeondoka. Boksi umelirudisha kwenye robo saa. Umeniapisha mbele ya Ghariba: nisiguse kitufe, nisiguse mlango. Nimeapa, na kiapo changu ni kiapo.

Ndimu hukuzitaja.

Nimeanika makapu mawili. Jua la leo zuri sana. Ukija kutia betri, Hamdun mwache huko huko Maskati, na usianzie kwenye boksi. Anzia jikoni.