Mgombea Mwenye Mashine ya Kulimia

Jumatano, 24 Septemba
Nimeshinda uchaguzi! Bado haujafanyika, lakini hilo ni suala la muda tu. Jumamosi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Isibo yetu, nyumba kumi na tano hapa Batsinda, italima bustani ya mboga ya pamoja, kisha tutachagua kiongozi. Mpinzani wangu ni jirani yangu Libère, mwenye jembe na mdomo mtamu. Mimi nimekodi mashine ya kulimia kutoka Remera, wiki nzima. Ina injini! Libère ana injini? Hana.

Alhamisi, 25 Septemba
Mashine imekuja na kitabu cha maelekezo, chote Kifaransa. Mimi nimekulia Karagwe, kwa hiyo mke wangu Béatha, aliyesomea Bujumbura, kanisomea. Pima oili kabla ya kuwasha. Chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa visu. Vaa buti. Lima kwa kukatisha mteremko, usishuke nao. Nikamwambia kitabu hicho kiliandikiwa waoga. Akasema waoga wana vidole vyote kumi. Nikarudi kwenye mashine, nilikuwa na kazi.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimefungua visu, nimeviosha, nimevirudisha. Vinang'aa! Béatha kauliza mbona makali yanatazama nyuma. Nikamwambia kisu ni kisu. Halafu kuna kikono cha kubana muda wote. Ukikiachia tu, mashine inasimama. Usumbufu mtupu! Mgombea anahitaji mkono wa kupungia watu. Nimekifunga kwa kamba.

Jumamosi, 27 Septemba
Nilikwenda na suti na viatu vya harusi. Nikawasha mbele ya isibo nzima. Makofi! Visu havikuchimba hata kidogo. Vilikimbia juu ya udongo, na mteremko ukasaidia. Nikavutwa bustani nzima, wapiga kura wakiruka huku na huku. Libère akapiga kelele: "Achia, mzee Zephaniah! Achia mukono!" Nikaachia. Mashine haikujali. Ile kamba! Ilikwenda peke yake hadi kwenye rundo la samadi, ikazimika humo. Hakuna aliyeumia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi, nakiri, nilicheka kuliko wote.

Kisha kura. Kwetu unasimama nyuma ya unayemtaka. Safu ya Libère ilifika barabarani. Nyuma yangu, upepo. Béatha alikuwa wa tatu kwa Libère, akanipungia. Iliniuma, sifichi.

Jumapili, 28 Septemba
Libère kaja baada ya misa na fanta mbili. Kasema hakuna aliyewahi kuionyesha isibo hatari za mashine kwa muda mfupi namna ile, na ananiomba niwe mwalimu wa usalama. Mwalimu! Nilikaribia kulia kwa furaha. Hatimaye kipaji kimeonekana.

Somo la kwanza ni kesho, shambani kwake. Nimepachagua mwenyewe. Kuna mteremko mkali sana, mashine itajiendesha yenyewe.