Wimbo Wangu Haukopiwi

Jumatatu, 4 Mei 2026

Umekamilika! Miezi tisa, beti nne, sauti nne. "Milima Ipige Vigelegele." Nimefundisha kwaya ya kigango chetu cha mlimani miaka kumi na minane na nimetunga nyimbo sita. Tano hata mke wangu hazikumbuki, na ya sita iliibwa. Huu ni wa saba, na huu ndio wenyewe. Nimeuimba peke yangu jikoni mpaka mwisho. Machozi! Vitunguu navyo vilichangia kidogo.

Tamasha la kwaya za parokia ni Pentekoste, tarehe 24. Wimbo utakaoshinda utaimbwa na kwaya zote siku ya jubilei, mbele ya askofu. Nina miaka hamsini na mbili. Nikishindwa mwaka huu sidhani kama utanijia wimbo mwingine wa aina hii.

Kikwazo ni kimoja: Agustino, mwalimu wa kwaya ya kigango cha Bondeni. Mwaka jana nilipeleka wimbo steshenari kutoa kopi, nikausahau juu ya mashine. Aliyefuata kwenye foleni? Agustino! Jumapili yake Bondeni wakauimba, wakapigiwa makofi. Mimi nilikaa benchi la nyuma kama mfiwa. Tangu siku hiyo karatasi siiamini.

Jioni Anastasia, mke wangu, karudi kazini amenuna. Ni karani kwenye ofisi moja mjini. Bosi wake, Bwana George, katuma waraka unaosomeka kwenye skrini tu. Huprinti, hukopi, hupakui. Nilisimama. Nikamwomba arudie polepole. Karudia, kisha akasema nina ile sura tena.

Jumanne, 5 Mei

Nimeuandika wimbo wote kwenye laptopu ya Anastasia. Saa tano nzima, kwa kidole kimoja. Yeye ndiye kanionyesha pa kubonyeza: wasome, wasiprinti, wasikopi, wasipakue. Kwisha kazi!

Karatasi yenye mwandiko wangu nimeitia kwenye moto wa maharage. Anastasia kauliza kama nina nakala nyingine. Nikamwambia, Mama Mercy, usalama ni kutokuwa na nakala nyingine. Akaendelea kukoroga.

Alhamisi, 7 Mei

Zoezi la kwanza. Kwanza kukusanya barua pepe. Waimbaji ni ishirini na wanne, na kumi na tisa hawakujua kama wanazo. Mzee Benedikto, mtu wetu wa besi, miaka sabini na minne, ana simu ya kitochi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwa upole kwamba wimbo hautafunguka humo. Akasema marahaba mwalimu, hakuna neno, majirani wapo.

Zoezi likaanza, kila mtu na simu usoni. Sauti ya kwanza wako ubeti wa pili, sauti ya tatu bado wanautafuta wa kwanza. Bando la Hosiana likamwishia katikati ya aleluya. Winfrida akapigiwa simu na mama mkwe kwenye kiitikio, akapokea kwa heshima zote, na salamu za ukoo mzima. Kisha ukungu ukashuka kutoka Uluguru na mtandao ukaondoka. Saa mbili za zoezi, tumeimba dakika nne.

Lakini! Winfrida kalalamika mbele ya wote kwamba alitaka kuuprinti, na kitufe kimefifia, hakibonyezeki. Nilitamani kumkumbatia.

Jumamosi, 9 Mei

Asubuhi ujumbe kwenye laptopu: Agustino anaomba ruhusa ya kusoma. Agustino! Kasikia habari na kiu imemshika. Nimekataa. Adhuhuri kaomba tena. Nimekataa. Jioni mara ya tatu. Nimekataa, nikala wali sahani mbili. Anastasia anasema labda mtu ana shida yake, ningemuuliza. Nimuulize mwizi anataka nini?

Jumanne, 12 Mei

Anastasia, akichambua mchicha, kaniuliza kama simu haiwezi kuipiga picha simu nyingine.

Mungu wangu. Sikuwa nimeliwaza hilo. Mchicha sikuugusa.

Alhamisi, 14 Mei

Dawa imepatikana: simu zote zinaachwa mlangoni. Nilisimama mwenyewe na kapu. Zikaingia ishirini na tatu, na kitochi cha Mzee Benedikto kwa ajili ya usawa. Hakuna wa kupiga picha tena! Nikaenda mbele, nikainua mikono, nikasema fungueni ubeti wa kwanza.

Wakanitazama.

Wimbo ulikuwa kwenye kapu.

Sasa mwalimu arudi nyuma mbele ya watu wake? Hapana. Nikasema leo ni zoezi la pumzi. Tumepumua dakika arobaini. Hosiana kapata kizunguzungu, akapelekwa nje kupigwa na upepo.

Jumatatu, 18 Mei

Nimekwisha.

Bwana George kakagua akaunti ya ofisi, akakuta waraka unaosomwa na watu ishirini na watatu wasio wafanyakazi wake, akiwemo Winfrida muuza ndizi. Kaufunga. Kwa nini ofisi? Kwa sababu laptopu ni ya ofisi na akaunti ni ya ofisi. Anastasia anasema aliniambia siku ile ile. Huenda. Nilikuwa nabonyeza.

Nikifungua naambiwa: huna ruhusa, omba. Mimi! Nimeomba mara kumi na moja. Bwana George yuko ziarani Kisaki, mtandao wa kubahatisha, anarudi Jumatatu ijayo. Tamasha ni Jumapili.

Nimekaa kujaribu kuukumbuka. Sauti ya kwanza naijua. Ya pili, nusu. Ya tatu na ya nne zimekwenda. Miezi tisa ya kuamka kabla ya jogoo, na nimeichoma kwa mikono yangu ili maharage yaive. Anastasia hakunicheka hata kidogo, kanisogezea chai tu. Nina uchungu, nisiseme uongo.

Jumatano, 20 Mei

Nimewaita waimbaji, nikawaambia yote. Nikasema tutaimba ule wetu wa kila mwaka.

Mzee Benedikto akakohoa. Akafungua mfuko wa rambo, akatoa kaunta buku.

Wimbo wote! Beti nne, sauti nne, kalamu ya bluu, na mahali pa kuvuta pumzi kwa nyekundu. Akasema tangu mwaka sabini na tano hajaimba wimbo asiouandika kwa mkono wake, kwamba kisichopita mkononi hakikai kichwani. Kumbe kila jioni alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Kwa Winfrida kaandika sauti ya kwanza, kwa Hosiana ya pili, kwa majirani wengine zilizobaki. Wao wanashika simu, yeye anaandika. Kaomba radhi kama kavunja utaratibu.

Neno la kwanza lililonitoka, naona haya kuliandika, lilikuwa: nani kakuruhusu?

Mzee akanitazama. Anastasia akanitazama zaidi. Nikaketi kwenye benchi nikalia kweli, nikamshika mzee mikono, nikamshukuru mpaka akaniambia basi mwalimu, inatosha, watu wanataka kuimba.

Hosiana akaandika ubaoni, wote wakanakili kwenye madaftari, ndimi nje kama watoto wa darasa la pili. Saa kumi na mbili tukauimba kutoka mwanzo hadi mwisho. Akina mama waliokuwa wanateremka na mikungu wakaitua, wakasikiliza. Ni wimbo mzuri. Nilikuwa sijawahi kuusikia wote! Nimerudi nyumbani naongea peke yangu njia nzima kwa furaha.

Jumapili, 24 Mei, Pentekoste

USHINDI!

Kwaya kumi na mbili. Bondeni wameimba wimbo wao wenyewe, wa halali, si mbaya. Sisi tulikuwa wa nane. Nilisahau kuinua mikono mpaka Anastasia akanikonyeza kutoka mstari wa sauti ya pili. Mzee Benedikto alipoishika ile besi ya ubeti wa tatu, paroko alivua miwani akaifuta. Tulipomaliza kanisa zima likasimama. Vigelegele! Waamuzi hawakuchukua hata dakika tano. Wimbo wangu, wa Eustace, utaimbwa na kwaya zote mbele ya askofu. Kama mama yangu angekuwapo leo!

Agustino kaja kunipa mkono. Kasema mwaka jana alichukua bila kuomba na jambo hilo limemkaa moyoni, ndiyo maana mwaka huu aliamua kuomba kwanza. Kaomba mara tatu. Kaniomba radhi mbele ya mke wake. Nimemsamehe, na sikuigiza, nimemsamehe kweli. Tumekumbatiana. Kisha akaondoka akipiga mluzi kiitikio changu, bila kukosea hata nota moja.

Bila kukosea hata nota moja!

Baada ya Misa paroko kaagiza: kufikia Jumatano kila kwaya iwe imepata nakala. Anastasia anasema kaunta buku ipo, steshenari ipo, nakala kumi na moja ni kazi ya dakika kumi, na baada ya hapo tupumzike kama watu wengine. Dakika kumi! Wanawake hawaoni mbali.

Nimekaa barazani nikalitafakari, na nimelipata. Kosa langu lilikuwa kuwapa watu wimbo mzima. Safari hii kila kwaya inapewa kipande chake tu. Kwaya ya vijana, sauti ya kwanza. Akina mama, ya pili. Ya wanaume, ya tatu. Vigango vingine nawagawia mstari mmoja mmoja. Kila kwaya itafanya mazoezi siku yake, madirisha yamefungwa, na marufuku kupita karibu na kanisa la wenzao. Watakutana siku ya jubilei yenyewe, mbele ya askofu, na hapo ndipo watauunganisha. Nani atakopi?

Agustino nampa besi ya ubeti wa tatu, mstari wa mwisho. Hatajua hata wimbo unaanzia wapi.